Okidi Mbili za Mume Mmoja

Mume wangu alikuwa mtu wa haki, na haki yake ndiyo iliyonitia uchungu miaka yote. Akininunulia ufagio Mahajanga, hununua na wa pili akaupakia melini, kwa sababu kule kisiwani Nosy Be, katika kijiji cha Ambanoro, alikuwa na mke mwingine, na yule naye alikuwa na sakafu ya kufagiwa. Vitambaa viwili vya rangi moja, sufuria mbili, sabuni mche kwa mche. Safari moja alileta kuku wawili, akawabeba mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, akawapima kwa kuwanyanyua, kisha akaniachia yule aliyemwona mzito. Nilikaa asubuhi nzima nikimtazama kuku yule, nikijiuliza kama kweli alikuwa mzito.

Mimi ni wa Mangarivotra, mtaa wa pale pale Mahajanga. Baba yangu asili yake Ngazija, mama yangu Msakalava. Nyumbani tulisema lugha za wote wawili, na Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata chuoni, pamoja na Kurani, kwa mwalimu ambaye naye alikipata kwa babu yake. Mwishoni mwa miaka ya sabini, baada ya ghasia zile zilizowakumba watu wa asili ya Ngazija mjini kwetu, ndugu wengi wa upande wa baba walisafirishwa kupelekwa visiwani ambako hawakuwahi kukanyaga. Mimi nilibaki, nikifichwa na watu wa mama. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine katika meli ndogo ya mizigo ya pwani, na siku zile zilimkuta Nosy Be. Alikaa huko miezi, asithubutu kurudi. Aliporudi alikuwa mzima, alhamdulillahi, na alikuwa na mke. Nililia kwa furaha na kwa hasira katika kilio kimoja, na majirani waliokuja kunipongeza hawakujua wanipe pole ya lipi.

Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Binti hujengewa na wazazi wake, na mume huingia na sanduku lake la nguo. Mume wangu basi alikuwa na wake wawili, na wake wawili walikuwa na nyumba mbili, na yeye hakuwa na nyumba. Sanduku lake lilikaa melini. Alisema siku atakayoacha kazi atalishusha, akae, azeeke. Atalishusha bandari gani hakusema. Hilo ndilo jambo nililotaka kulijua katika maisha yangu, na mengine yote niliyoyafanya tangu hapo niliyafanya kwa ajili ya hilo.

Okidi ilifika mwanzoni mwa miaka ya themanini. Walimtuma Antananarivo, kwenye nyanda za juu, kuchukua kifaa cha mashine, akarudi na kifaa na chungu kimoja cha maua amekifunika kwa koti lake. Muuzaji alimwambia kwa Kifaransa kwamba ni simbidiamu. Mimi niliita okidi tu. Majani yake yalikuwa marefu na membamba, unaweza kuyadharau ukidhani ni nyasi, lakini kati yake kilitoka kikonyo kimoja kilichoinama kwa uzito wa maua. Yalikuwa ya rangi ya siagi, manene, kila ua lina mdomo wenye madoa mekundu. Nilikuwa nimezoea asumini yetu ya kichwani, inayokauka kabla sherehe haijaisha. Haya yalikaa wiki nzima na zaidi katika joto la Mahajanga yasibadilike. Wanawake wa mtaani walikuja kuyagusa, wakidhani ni ya nta.

Nilijua yanayokuja. Kikonyo kilipokauka mume wangu alikikata, akakitoa chungu kile chote uani, akaketi na kisu cha jikoni. Chini ya majani okidi ina vitunguu vya kijani vilivyobanana, na ndani yake ndimo inamowekea akiba ya maji. Alivihesabu, akapasua katikati: vitatu huku, vitatu kule. Sawa kwa sawa. Lakini upande mmoja ulikuwa na chipukizi kichanga, kimechomoza ubavuni mwa kitunguu cha mwisho, na upande wa pili haukuwa nacho.

"Huu wenye chipukizi ni wa kule," alisema. "Wewe umeyaona maua. Yeye hajayaona."

Ungemsikia mwenyewe, ungesema kadhi. Nikaenda kutafuta chungu.

Nilijifunza kuitunza kwa kukosea. Mwaka wa kwanza niliitia udongo wa bustani, mizizi ikaanza kuoza, kwa maana mizizi ya okidi hii ni minene na inataka kupumua. Nikaitoa, nikaitia vipande vya mkaa na vigae vya matofali, na makumbi ya nazi niliyoyaomba kwa wasokota kamba wa ufukweni. Ncha za majani zikawa nyeusi. Nilimshuku bi mdogo kwanza na makumbi baadaye. Kumbe wasokota kamba huyafukia makumbi yao katika mchanga wa bahari ili yalainike, na mimi nilikuwa nimeipandikiza okidi katika chumvi. Nikayasuuza kwa maji ya mvua mpaka nikayaonja kwa ulimi na kuyakuta hayana ladha. Baadaye nilijua kuiweka barazani upande wa jua la asubuhi, na kuyapangusa majani kwa maji ya sabuni yakiota magamba ya wadudu. Ilinenepa, ikazaa vitunguu vipya. Maua haikutoa.

Kila mume wangu alipotoka Nosy Be nilimtilia chai, nikamuuliza kana kwamba sina haja, "Na ule wa kule unaendeleaje?"

"Upo."

"Majani yake yamefika wapi?"

"Mke wangu," alisema, "nilipooa mara ya pili niliapa sitalinganisha nyumba na nyumba. Usinivunjie kiapo kwa majani."

Kiapo hicho alikishika kwelikweli. Hakuwahi kuniambia kule wanapika nini, kama godoro ni laini, kama mwenzangu ni mcheshi. Kwake hiyo ilikuwa heshima. Kwangu ilikuwa giza, na katika giza lile nilimjengea mwanamke yule kila uzuri ambao mimi sikuwa nao. Nilimpa nywele ndefu, nikampa sauti nzuri. Majani ya okidi yake niliyafikisha dari.

Kisha ikaja Idi moja, shangazi yangu na wanawe wamekuja kula kwetu. Shangazi akamuuliza mume wangu waziwazi, kama wazee wanavyoweza kuuliza: ukistaafu utakaa wapi? Mume wangu alikuwa ameshiba, akacheka. Akanyoosha kidole barazani, kwenye majani yangu marefu yasiyo na ua.

"Nyumba itakayotoa ua kwanza," alisema, "ndimo nitakamoshusha sanduku."

Wote walicheka. Mimi niliondoka nikaenda kuimwagilia maji.

Aliyenifungua macho ni jirani yetu, mke wa mwalimu, mtu wa nyanda za juu. Alikuja kuazima kinu, akaiona okidi, akaniambia kwao inakaa nje, na kwamba haishiki mimba ya ua mpaka mvua zikiisha na usiku ukawa wa blanketi. Huku pwani hata mwezi wa saba tunalala na shuka. Nilimshukuru, nikampa kinu, na kabla hajafika kwake nilikuwa nimeshajua pa kuipata baridi. Bandarini meli za kuvua kamba zilipakiwa barafu, na vipande vilivyoanguka vilimwagwa tu. Nikapatana na mvuta pusipusi, kile kigari cha abiria cha kukokotwa kwa mikono, anapotoka bandarini jioni aniletee gunia la barafu iliyosagika chini ya kiti. Baada ya magharibi niliipanga juu ya makumbi kukizunguka chungu, nikaimwagilia maji yake baridi, nikakifunika kwa gunia lenyewe. Mtaa mzima ulinicheka. Mume wangu aliporudi safari akanywa maji ya mtungi yaliyopata joto la mchana, akatazama chungu kinavyotoa ukungu, akasema laiti angezaliwa ua.

Kisha akaondoka na siri yangu. Safari iliyofuata nikasikia kwake mwenyewe, wala hakuona kosa, kwamba bi mdogo naye ameanza kutia barafu, anaipata bandarini Hell-Ville, mji wa kisiwa kile.

"Umemwambia!"

"Ufagio nikikupa wewe nampa na yeye. Na ujuzi je? Nimfiche?"

Niliweka kikombe chini kwa nguvu, kikavunjika, mkono wa kikombe ukabaki kiganjani mwangu. Haki yake ilikuwa imeninyang'anya kitu cha pekee nilichokuwa nacho peke yangu.

Lakini mwaka ule ule, mvua zilipokwisha na barafu imekwisha kuingia kwa wiki nyingi, nilikuta kichomozo kipya. Ukiminya kidogo utajua: cha majani ni bapa, cha maua ni cha mviringo na kinene. Changu kilikuwa kinene. Niliketi chini barazani nikacheka peke yangu. Kilirefuka, kikatoa vitumba, vikapangana. Mume wangu alikuwa anapakia mizigo ya kwenda Nosy Be, na mimi sikuweza kunyamaza. "Mwambie," nilisema. "Sasa umwambie na hili."

Meli ilipotoka ndipo hofu ikanishika. Nilikuwa nimempelekea mwenzangu habari kwa kinywa changu mwenyewe. Sasa angekaa kule, atamani, na kijicho hakijali bahari. Nilijua jinsi angetamani, kwa sababu nilijua jinsi nilivyotamani mimi.

Nikafanya kile ambacho mama alikifanya kwa kila kitu alichotaka kukilinda. Siku zote nyumba yetu ilifukizwa Alhamisi jioni, udi na ubani, milango imefungwa, mpaka macho yawashe. Sasa nikafukiza kila jioni. Niliiingiza okidi ndani, nikaiweka juu ya tenga lile tunalofukizia nguo na kumfukizia bibi harusi, chetezo kikiwa chini, shuka nyeupe imefunika juu. Moshi ulipanda katikati ya majani. Nilisoma nilichokijua kusoma. Vitumba vilikuwa vimeanza kupata rangi ya siagi, nikadhani ndiyo rangi ya ua. Haikuwa hiyo. Vilikuwa vinageuka njano. Kimoja kilianguka, na cha pili, kisha nilikuta vimetapakaa juu ya shuka, na kikonyo kimebaki kitupu.

Sikuwa na shaka ni nani. Nilifunga mzigo, na meli ya mume wangu iliporudi nilimwambia safari hii naenda naye. Hakuuliza. Njiani alikaa chini kwenye mashine zake na mimi nikakaa juu na hasira zangu, nikipanga maneno nitakayomwambia yule mwanamke mbele ya mlango wake.

Ambanoro ni kijiji cha wavuvi na wauza vitu vidogo vidogo, nyumba zimetazama maji. Yake ilikuwa ya mbao, ndogo kuliko yangu. Nikaifurahia. Alitoka mwenyewe kunipokea, mfupi, mnene kidogo, nywele zake za kawaida. Hilo nalo nikalifurahia. Alisema kwa Kisakalava, "Karibu, dada, nyumba ni yako," na nyuma yake, kwenye baraza iliyoachwa wazi kwa upepo, nikaiona. Ilikuwa imefunguka yote. Maua ya rangi ya siagi yenye madoa mekundu, kikonyo kimeinama kwa uzito.

Maneno yangu yote niliyoyapanga yalipotea. Nilitaka kukikata kikonyo kile kwa meno.

Alinitilia maji ya kunawa, akaniuliza ya kwangu inaendeleaje. Nikamwambia vitumba vimeanguka, nikamkazia macho, nimwone atakavyojificha. Hakujificha. Alikunja uso kama mtu aliyesikia mtoto wa mwenzake anaumwa.

"Ulifanyaje?"

"Nimeifukiza. Kila siku. Udi safi."

"Ndani?"

"Ndani."

"Basi ni moshi, dada," alisema. "Na mimi kabla ya hiki kilinitokea kikonyo kidogo, nikakiweka jikoni, kikanyauka. Moshi haiupendi kabisa. Humu ndani mimi hata ubani siwashi."

"Hata Alhamisi?"

Akashangaa kwamba nauliza. "Nitawashaje na kifua cha mzee?"

Nikamuuliza kifua gani.

Akanitazama, na nadhani ndipo alipoelewa kwamba sijui. Aliteremsha sauti. "Hawezi moshi. Ukimwingia anatoa pumzi kama bomba lililopasuka. Ni moshi wa mashine, miaka yote ile chini."

"Alikuambia lini?"

"Hajaniambia. Nilimsikia anavyohema, nikazima chetezo. Akalala vizuri. Sikukiwasha tena."

Nilikuwa nimeolewa na mtu yule miaka mingi kabla yake. Kila Alhamisi nilipofunga milango yeye aliinuka akaenda kukaa nje ukutani mpaka moshi uishe, na mimi nilidhani anapenda mazungumzo ya wanaume wa mtaani. Wakati mwingine nilimsuta: humpendi Mungu, wewe, nyumba inafukizwa unatoka? Naye alitabasamu. Asingeweza kuniambia kwamba kifua kinambana, kwa sababu ningeuliza, na kule kwake je? Na hilo lingekuwa kulinganisha.

Chakula alichopika sikukionja vizuri. Kilikuwa samaki wa nazi, watu wanasema anajua kupika. Niliketi nikimtazama anavyomsogezea mume wetu mto wa pili, amwinue kichwa, bila kuangalia mikono yake inafanya nini. Nilimchukia kwa kule kujua kwake kuliko nilivyowahi kumchukia kwa kuolewa.

Niliporudi Mangarivotra nilikitupa chetezo. Nikafua mapazia, nikayaanika magodoro, nikapaka kuta chokaa mpya. Mume wangu alipokuja siku ya Alhamisi alikaa ndani akingoja, akanusa. "Leo hufukizi?" Nikasema sifukizi tena. Hakuuliza kwa nini, nami sikumwambia nimejifunza kwa nani. Lakini nyumba ile ilikuwa imekula udi tangu mama yangu alipokuwa bibi harusi. Mbao za dari ziliutoa tena kila jua lilipopiga bati. Na uani kwa jirani wa kushoto walipika kwa mkaa, na kwa jirani wa kulia vilevile. Sasa kwa kuwa nilikuwa nasikiliza, nilimsikia anavyohema. Nilikuwa nasikia kila pumzi.

Okidi yangu ilitoa ua miaka miwili baadaye. Barafu, upepo, hakuna moshi, na nilikuwa siiruhusu hata iingie ndani. Mwaka huo ndio mume wangu aliacha kazi. Aliagana na wenzake bandarini, akaja kwangu na sanduku lake juu ya pusipusi, nikaliona linateremshwa mlangoni. Nikamwandalia kiti barazani, na kando ya kiti, mahali ambapo mkono wake ungegusa, nikaweka okidi. Ilikuwa na vikonyo viwili. Nilikuwa nimeyapangusa majani jani kwa jani.

Alikunywa chai yake. Akakiweka kikombe ukingoni mwa chungu.

"Mke wangu," alisema, "meli inaondoka Jumatatu. Nitakwenda nayo kama abiria. Nitakaa Ambanoro."

 Nikasema sawa, kwa sababu okidi ya mwenzangu ilitoa ua kwanza. Sawa. Neno ni neno. Lakini aitazame yangu basi, ina vikonyo viwili, yake ilikuwa na kimoja, na kama siyo udi yangu ndiyo ingetangulia, na barafu ilikuwa akili yangu mimi, si yake. Nilisema mengi, na sauti yangu ilifika kwa jirani wa kushoto na wa kulia.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejaribu kukumbuka alikoweka funguo.

"Ua gani?" aliuliza.

Nikamkumbusha Idi ile, shangazi, kidole chake. Alicheka kwanza, kisha akaona kwamba sicheki, akaacha. Alisema hakumbuki kabisa. Labda alisema, mtu akishiba husema mengi. Akakiondoa kikombe chunguni polepole, kana kwamba sasa tu ameona amekiweka juu ya nini.

"Kule napumua," alisema. "Ni hilo tu. Nitakuja kukuona kila meli itakapokuja."

Nikaingia ndani, nikalifungua sanduku. Nguo zake zilikuwa zimesukumwa tu humo kama wanavyofanya wanaume wa melini. Nikazitoa zote kitandani, nikazikunja upya, moja moja, kola juu ya kola. Sikutaka yule mwanamke azikute zimekunjwa ovyo.